Makanisa ya Mbao ya Norwe na Ginsi Yalivyotunzwa

Kwetu watu husema kwamba kanisa la mbao ni kanisa la kungojea tu. Wanajenga chapeli ya mbao, wanasali ndani yake wakingoja matofali, na kwa kuwa wanangoja matofali hakuna mutu anayeangalia mbao. Sisi wenyewe tulikaa zamani karibu na chapeli ya namna ile. Mbao zake zilitoka katika muti mugumu, lakini nyingi zilikatwa katika sehemu nyeupe ya inje, na wajenzi walizisimamisha juu ya udongo mutupu. Maji ya bati yalianguka mbele ya miguu ya ukuta na kuurushia matope. Nyuma ya miaka mine katekista aliweza kuingiza kidole ndani ya ubao. Wazee wakasema: «Mbao ni vile.» Mapadri nao wakasema vile. Lakini ziko mbao zilizosimama inje, kwa mvua na theluji, zaidi ya miaka 800, na tunataka kueleza hapa habari yake.

Norwe ni inchi ya kaskazini ya Ulaya. Nyuma ya kifo cha Mutakatifu Olaf mufalme, aliyeanguka vitani kule Stiklestad mwaka 1030, dini ilienea upesi. Hata katika mwaka 1152 ao 1153 Kardinali Nicholas Breakspear, ambaye nyuma akawa Papa Adriano IV, alisimamisha kule jimbo kubwa la Nidaros. Watu wa inchi ile walikuwa mafundi wa mashua, walijua mbao kuliko mawe. Basi parokia nyingi zilijenga makanisa ya nguzo na mbao za kusimama. Wenye elimu wanakadiri kwamba yalikuwa 1000 ao zaidi. Leo yamebaki 28.

Lakini angalieni: makanisa ya kwanza kabisa hayakudumu. Wajenzi walichimba mashimo, wakaingiza nguzo katika udongo, sawasawa na sisi tunavyofanya. Katika miaka ya 1950 wachimbaji wa mambo ya kale walipofungua sakafu ya kanisa la Urnes waliona mashimo ya nguzo za kanisa lililotangulia. Sababu ya kuoza si ngumu kuifahamu. Kinachokula mbao kule ni namna ya uyoga mudogo, na uyoga ule unahitaji maji na hewa pamoja. Ubao ukiwa na maji chini ya 20 kwa mia ya uzito wake, uyoga hauwezi kitu. Chini sana katika udongo hewa inakosekana. Juu ya ukuta maji yanakosekana. Lakini pale nguzo inapotoka katika udongo vyote viwili vinakutana, na ndipo inapokatika. Kwetu muchwa unaongeza kazi yake, lakini mwalimu wake ni yule yule: udongo unyevu.

Katika miaka ya 1100 wale wajenzi wakageuza desturi. Waliweka kwanza mawe, juu ya mawe wakalaza magogo makubwa, na juu ya magogo wakasimamisha nguzo na mbao za ukuta. Tangu hapo mguu wa ubao haukugusa inchi tena. Kanisa la Urnes ni la miaka ya 1130 hivi, na lile la Borgund ni la miaka ya 1180 hivi. Yote mawili yamesimama mpaka leo. Tena walichagua muti. Walitwaa musunobari, na katika musunobari walipenda moyo wake wenye utomvu, kwa maana ile sehemu ya inje, yenye kupitisha maji wakati muti unaishi, huoza upesi sana.

Kisha walivika kanisa nguo. Kule Borgund baraza ya mbao inazunguka kanisa lote, mvua inaipiga ile baraza na haifiki penye ukuta. Juu yake vipaa vinapandana kimoja juu ya kingine, na vyote vimefunikwa na vibao vidogo vya musunobari vinavyolaliana kama magamba ya samaki. Hapa ndipo siri yenyewe iko. Mugeni akiambiwa kwamba kanisa ni la miaka ya 1180, anazania kwamba kila kibao anachokiona ni cha wakati ule. Sivyo! Nguzo kubwa za ndani ni za zamani, lakini vibao vya inje vilibadilishwa mara kwa mara. Viliwekwa kusudi viliwe, mifupa ipone. Nyuma, katika miaka ya 1600 na 1700, parokia nyingi zilipigilia mbao mupya juu ya ukuta wa zamani kwa nia ile ile, na pengine mbao zile zisizo na uzuri wowote ndizo zilizookoa michoro iliyo chini yake.

Yafaa tuseme pia juu ya jua, kwa maana watu wanaliogopa kuliko inavyofaa. Jua linavunja ile gundi inayoshika nyuzi za ubao, mvua inaosha nyuzi zilizolegea, ubao unageuka rangi ya majivu. Lakini kazi ile ni ya polepole: kwa miti ya namna ya musunobari ni milimita 5 ao 6 katika miaka 100. Ubao uliogeuka majivu haujafa. Ubao unakufa pale maji yanapoingia yasipate njia ya kutoka: penye kichwa kilichokatwa, ndani ya ufa, chini ya misumari.

Dawa yao ilikuwa lami ya musunobari. Tusiichanganye na lami ya barabara, ile tunayoita gudro. Walikusanya visiki na mizizi ya misunobari yenye utomvu mwingi, wakaipasua vipande vidogo, wakaipanga katika shimo lenye umbo la mubirika wa kumiminia mafuta, wakaifunika kwa majani na udongo. Moto uliwaka polepole siku nyingi bila hewa ya kutosha, kama tanuru ya makala kwetu, na lami ikashuka chini mpaka katika pipa. Waliipasha moto, wakaipaka wakati wa joto, ukuta ukiwa mukavu, tabaka nyembamba juu ya nyembamba. Haifanyi ganda gumu linalofungia maji nyuma yake, kama rangi nyingi zinavyofanya zikipasuka. Lakini inaoshwa, hasa upande wa jua, na lazima irudiwe. Hesabu za parokia za karne zilizofuata zinaonyesha lami ikinunuliwa tena na tena.

Na nani alilazimishwa kutunza? Jambo hili lilitushangaza kuliko yote. Sheria ya kale ya Gulating, katika sehemu ya mangaribi ya inchi, iliamuru kwamba nguzo za pembe za kanisa zikivunjika, watu walete miti penye kiwanja katika miezi 12, na wakichelewa walipe faini kwa askofu. Hawakuachia jambo hili huruma ya mutu mumoja mwema. (Tunajua parokia ambazo pesa ya kujenga ilipatikana kwa nyimbo na michezo, lakini pesa ya ndoo moja ya mafuta ya kupaka mbao haikupatikana hata siku moja.)

Yaliyopotea yalipotea kwa sababu nyingi. Tauni ya mwaka 1349 ilimaliza vijiji, na makanisa yao yakabaki bila watu wa kuyapaka. Nyuma ya mwaka 1537 inchi ilifuata dini ya Luther. Kufika mwaka 1650 yalibaki 270 hivi, na kufika mwaka 1800, 95 hivi. Kisha sheria ya mwaka 1851 ikadai kila kanisa liwe na nafasi ya kutosha sehemu tatu katika kumi za watu wa parokia. Makanisa madogo yakabomolewa, hata yale yenye mbao nzima. Muchoraji J. C. Dahl alikuwa amekwisha kupiga kelele: mwaka 1837 alitoa kitabu juu yao, na kanisa la Vang lilipotaka kubomolewa, mufalme wa Prusia alilinunua mwaka 1841. Leo liko Karpacz, katika inchi ya Polandi. Shirika la kutunza vitu vya kale, lililoanzishwa mwaka 1844, lilipata Borgund mwaka 1877.

Tangu mwaka 2001 mpaka 2015 serikali ya Norwe ilitengeneza makanisa yote 28. Mafundi waliona kwamba kupata mbao nzuri kuliwezekana. Taabu ilikuwa lami, kwa maana ufundi wa kuichoma ulikuwa karibu kusahauliwa. Ikabidi kuchunguza ginsi ya wazee, na kuwasha tena matanuru ya visiki.

Dawa ile ina hatari yake: ukuta ulioshiba lami unapokea moto upesi. Kanisa la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa na mutu usiku wa tarehe 6 Juni 1992, likaisha. Lilijengwa upya, kazi ikamalizika mwaka 1997, na mbao mupya zikapakwa lami kama zile za kwanza.