Kabla AI Haijawa Gumzo, Simu Ilishakuwa Meneja wa Benki

Siku hizi kila kijana mjini anataka kuanzisha benki ya AI. Sawa, lakini Kenya mambo haya yalianza kitambo. Novemba 2012, Safaricom na benki ya CBA walizindua M-Shwari. Huendi tawi, hujazi fomu. Mama mboga ambaye mabenki hayakuwahi kumtazama mara mbili akabonyeza simu, pesa ikaingia palepale. Siku 30 za kulipa, ada asilimia 7.5. Kwa mwezi, jamani!

Nani aliyeamua apewe? Kompyuta. Ilichungulia laini yake ina muda gani, kredo ananunua kiasi gani, M-Pesa yake inatembeaje. Benki za zamani zilidai hati ya mshahara, na mama mboga angeitoa wapi? Waliobuni hii kitu waliona kwamba simu yake tayari ilikuwa imeandika kila kitu.

Halafu zikaja apu, nazo zikataka zaidi: meseji zako, na majina yote uliyosevu. Ukichelewa kulipa, bosi anapigiwa, hadi mama mkwe anapigiwa. Deni dogo, aibu ya ukoo mzima. Wengine wakaripotiwa CRB kwa vipesa vya kredo tu, mpaka Aprili 2020 Benki Kuu ilipokataza kuripoti deni lililo chini ya shilingi 1,000. Kupigia jamaa zako ili kukudai kulipigwa marufuku na kanuni za 2022. Miaka 10 baada ya M-Shwari.