Kuinuka na Kufifia kwa Unyanyembe: Mji wa Misafara katika Karne ya 19

Historia ya Tabora, iliyojulikana pia kwa majina ya Unyanyembe na Kaze, mara nyingi huanza na kuwasili kwa wafanyabiashara Waarabu. Makala haya yanatetea hoja tofauti: mji ulisimama juu ya njia iliyofunguliwa na Wanyamwezi wenyewe, na ulififia pale udhibiti wa njia hiyo ulipowatoka mikononi.

Kabla Waarabu hawajafanya makazi bara, Wanyamwezi walikwisha kupeleka pembe za ndovu pwani. Unyanyembe ilikuwa njia panda. Msafara uliotoka Bagamoyo ungeweza kuendelea magharibi hadi Ujiji, au kaskazini kupitia Usumbwa, katika Geita ya leo, hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi walipumzika hapo, chakula kikanunuliwa, na nguo, shanga na bunduki zikabadilishwa kwa pembe na watumwa. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliukuta mji ukiwa hai.

Utajiri huo ulizua swali la nani atoze ushuru. Mtemi Mnywa Sele alipowatoza Waarabu, walimwondoa mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kumsimika Mkasiwa. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji, akathibitisha kwamba biashara ya mji ilimtegemea mwenye njia. Mtemi Isike naye aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, boma lake lilipotekwa naye akajilipua kwa baruti.

Pigo la mwisho halikuwa la bunduki. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na bidhaa za Ziwa Viktoria zikapata mkondo mwingine. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mji ulipata stesheni, lakini mpagazi alipoteza kazi iliyokuwa imempa mtaji, safari na heshima. Mizigo iliendelea kupita. Faida yake haikubaki tena kwa watu wa njiani.

Kwa hiyo, kufifia kwa Unyanyembe hakukutokana na uhaba wa bidhaa. Miji ya Shinyanga inayokua kando ya barabara na reli, kama Didia na Isaka, inarithi swali lilelile: wingi wa magari yanayopita si kipimo cha ustawi, iwapo wenyeji hawana sauti juu ya kile kinachopita.