Mpira haupimwi kwa kuvutwa upande mmoja tu

MHANDISI anayekadiria kwa kompyuta iwapo boriti ya chuma itahimili mzigo wa kawaida huhitaji tarakimu chache tu kuhusu chuma hicho. Mpira hauna ukarimu huo. Huvutika hadi mara kadhaa ya urefu wake kisha ukarejea ulivyokuwa, na ukakamavu wake hubadilika njiani. Mwanzoni hukaidi kiasi, halafu hulegea, na unapokaribia kikomo hukaza ghafla kwa kuwa minyororo ya molekuli iliyokuwa imejikunja imenyooka.

Kwa sababu hiyo, programu zinazotumiwa kubuni magurudumu, mikanda ya injini na pete za kuzuia uvujaji hutegemea milinganyo maalumu. Melvin Mooney wa Marekani alichapisha wake mwaka wa 1940, Ronald Rivlin akauendeleza mwaka wa 1948, naye Ray Ogden akatoa mwingine mnamo 1972. Milinganyo hiyo yote ina vigezo ambavyo sharti vipatikane maabarani, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa.

Jaribio lililozoeleka ni kukivuta kwa mashine kipande chembamba chenye ncha pana, huku nguvu na urefu vikirekodiwa. Wapo wanaoishia hapo, kwani ni rahisi. Lakini mpira ulio kazini huenda ukavutwa pande mbili kwa pamoja, mithili ya puto linalojazwa hewa, au ukasukumwa kimshazari.

Mwingereza L.R.G. Treloar alichapisha mwaka wa 1944 vipimo vya mpira wa asili uliokolezwa salfa, akiuvuta upande mmoja hadi zaidi ya mara 7 ya urefu wake, kisha pande mbili kwa usawa, kisha kama utepe mpana usioachwa kusinyaa upana. Vipimo hivyo vingali mizani ya kujaribia milinganyo mipya. Anayechukua vile vya upande mmoja pekee anaweza kupata vigezo vya Mooney vinavyopendeza mchoroni, ilhali vigezo hivyohivyo vikakadiria nguvu iliyopindukia pale mpira unapovutwa pande mbili. Kompyuta haitamwonya.

Kwa vile ujazo wa mpira haubadiliki kwa urahisi, kuugandamiza upande mmoja kungetosha kuwakilisha mvuto wa pande mbili. Taabu ni msuguano: sahani za mashine huzishika nyuso za kipande, nacho huvimba ubavuni kama pipa, na kipimo kikaharibika.

Isitoshe, mpira uliotiwa masizi ya kaboni huwa mgumu zaidi unapovutwa mara ya kwanza kuliko mara zinazofuata, hali ipewayo jina la Leonard Mullins. Basi sharti ijulikane kwanza iwapo kifaa kitanyooshwa mara moja au mara maelfu.

Halafu kuna joto. Kipimo kilichofanywa maabarani kwenye nyuzijoto 23 hakisemi lolote kuhusu asubuhi ya baridi. Januari 28, 1986, chombo cha Challenger kilirushwa kutoka Florida kukiwa na takriban nyuzijoto 2. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zilikuwa zimekakamaa; gesi moto ikapenya, na wanaanga 7 wakafa. Mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alikitia kipande cha mpira huo, kikiwa kimebanwa, ndani ya glasi ya maji ya barafu. Alipokifungua, hakikurudia umbo lake upesi.