Kisanduku kinachokutanisha shaba na kioo

Leo twende Isongole, wilayani Ileje, pale Malawi ilipo pua na mdomo. Sogea magharibi kidogo unaifikia Tunduma na Zambia yake. Waya wa mawasiliano umepita pande hizi zaidi ya miaka mia moja, na wengi walioishi karibu nao hawakutuma hata neno moja.

Wa kwanza ulikuwa wa telegrafu. Cecil Rhodes aliunda kampuni mwaka 1892 akitaka kuunganisha Cape Town na Cairo. Mwaka 1895 waya ukafika Blantyre, kisha ukapanda na Ziwa Nyasa na kukunja kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1899 mzee akaenda Berlin kumwomba Kaisari Wilhelm II ruhusa ya kupita kwenye koloni la Wajerumani. Ulifika Ujiji. Rhodes akafa 1902, na Cairo haukuiona. (Neno letu simu, kwa taarifa yako, asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya!)

Ila waya hauongei. Aliyeongea ni karani: aligeuza herufi kuwa mipigo ya umeme, na mwenzake wa upande wa pili akairudisha kuwa herufi. Ukiwa na waya juu ya shamba lako bila karani, una kivuli chembamba tu.

Kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975 na kupita Tunduma. Reli yake ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina 1,000. Behewa la huku haliingii kule, hivyo pale Kidatu kontena huinuliwa na kuhamishwa. Mzigo ni uleule, kilichobadilika ni njia. Shika hapo, maana konvata ya mtandao hufanya hivyo hivyo.

Ethaneti ilizaliwa mwaka 1973 kwa Bob Metcalfe na wenzake wa Xerox, juu ya kebo nene ya shaba. Mwaka 1990 zikaja kanuni za jozi za shaba zilizosokotwa, waya ule wenye kichwa cha plastiki unaouchomeka kwenye kompyuta. Wake unaishia mita 100. Mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda kilometa nyingi. Sasa ofisi zilishajaa shaba, nani ang'oe kuta? Ndipo kikaja kisanduku cha kutosha kiganjani: upande huu tundu la shaba, upande ule la kioo. Ndani, taa ndogo huwaka na kuzima kwa kufuata umeme. Mwanga unaoingia hupokewa na kihisi na kurudishwa kuwa umeme. Hakichagui njia wala hakisomi barua yako, hiyo kazi ni ya ruta.

Kebo ya SEACOM ilitua Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukafika Tunduma kuungana na Zambia. Wanasiasa wanapenda kuhesabu kilometa. Mimi nauliza kuhusu kisanduku cha mwisho, cha shule au zahanati, maana uzi wa kioo haupeleki umeme. TANESCO wakikata na hakuna betri, mwanga unafika hadi mlangoni na kompyuta haioni kitu.