Programu Iliyofumwa kwa Waya
Nidhamu ya kutunza matoleo ya programu ilidaiwa na mashine kabla ya zana zake kuwapo. Kompyuta ya vyombo vya Apollo vya kwenda mwezini ilihifadhi programu katika nyaya zilizofumwa na wanawake kiwandani Waltham, Marekani. Kosa likishafumwa ilikuwa vigumu kuliondoa, hivyo kila toleo lilipewa namba. Apollo 11 ilitua mwezini mwaka 1969 kwa toleo la programu liitwalo Luminary 99. Zana zenyewe za kutunza matoleo zilikuja baadaye: SCCS mwaka 1972, Git 2005.

Wapo wanaosema programu ndogo ya mikrokontrola, kazi ya mtu mmoja, haihitaji utunzaji huo. Hoja hiyo haisimami: ndani ya chipu kwa kawaida hubaki msimbo wa mashine tu, bila sababu za mabadiliko. Fundi wa kesho ataitegemea historia iliyoandikwa, au atabahatisha.