Kuporomoka au kuporomoshwa?

Desemba 19, 2020, mjini Adelaide, India iliishia mbio 36 katika ingizo la pili la mechi ya kriketi ya Testi dhidi ya Australia. Ndiyo alama yake ndogo kuliko zote katika Testi. Hakuna mpigaji aliyefikisha mbio 10, hata nyota wao Virat Kohli. Mashabiki wengi walisema timu imeporomoka. Wengine wakawatetea wapigaji.

Kuporomoka ni neno la udongo wa mlimani na la bei sokoni: kitu kimeshuka, aliyekisukuma hatajwi. Ukisema India iliporomoka, umewabebesha wapigaji lawama yote. Lakini mrushaji wa Australia Josh Hazlewood alichukua wiketi 5 kwa mbio 8 tu, na mwenzake Pat Cummins wiketi 4. Mipira yao ilitua palepale panapomtia mpigaji shaka, acheze au aache, ikagusa ukingo wa gongo na kuishia mikononi mwa mlinda wiketi, mara kwa mara. Hiyo ni kazi ya watu, tena kazi nzuri mno! Mimi nasema wapigaji waliporomoshwa, ili warushaji wapate haki yao. Kuporomoka nakuhifadhi kwa timu inayojitoa yenyewe, kwa mapigo ya pupa na wenzi wasioitana wakikimbia.