Kibo ni Shahidi Mmoja Tu

Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kuelekea Uchagani alipoona weupe kwenye kilele cha mlima. Aliyekuwa akimwongoza njia aliueleza kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Habari ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika, aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Mwaka 1852 alichapisha kitabu, na bado alikuwa anakana. Ubishi ulikuja kuzimwa na misafara ya Karl Klaus von der Decken ya 1861 na 1862, iliyoupanda mlima na kuithibitisha theluji.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, na kisa hiki hunijia kila ninapomsikia mtu akiyaita mabadiliko ya tabianchi uzushi wa wazungu. Lakini mlima huohuo una somo pia kwetu sisi tunaoyakubali.

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson, Mmarekani aliyetoboa barafu hiyo kuchukua sampuli, ilikadiria kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka ikapita, vipande vya barafu vingali juu. Wabishi wakashangilia: mnaona?

Wanachoruka ni kwamba barafu imeendelea kupungua. Kilichokosewa ni tarehe. Nasi tunaruka jambo jingine. Watafiti kama Georg Kaser na Thomas Mölg walionyesha kwamba barafu ya Kibo ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu zaidi. Kule juu hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri. Barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kali, na theluji mpya ni chache mno kuziba pengo. Kwa hiyo picha mbili za Kibo, ya zamani na ya leo, hazitoshi kuthibitisha kwamba joto la viwanda ndilo lililoanza kuila barafu hiyo.

Je, kesi imeanguka? Hapana, kwa sababu haikusimama juu ya Kibo. John Tyndall alipima mwaka 1859 jinsi kabonidioksidi inavyonasa joto. Tangu 1958 gesi hiyo inapimwa Mauna Loa, Hawaii: wakati ule ilikuwa sehemu 315 hivi kwa milioni, leo imepita 420. Alama ya kaboni iliyomo angani inaonyesha kwamba ongezeko linatokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Na kama jua ndilo lingekuwa chanzo, anga ya juu nayo ingepata joto. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku la juu, stratosfia, likipoa.

Kuna dhana nyingine, na hii inagusa mashamba: kwamba barafu ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka. Maji yanayofika kwenye mifereji ya Wachaga hutokana zaidi na mvua ya ukanda wa misitu. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Andreas Hemp, mwanaikolojia aliyeutafiti mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi moto, ukisaidiwa na ukavu, ulivyoteketeza misitu ya juu na kupunguza maji kuliko kuyeyuka kwa barafu kunavyoweza kufanya.

Ndiyo maana usahihi si ubishi wa wasomi. Tukiendelea kukodolea macho kilele cheupe, tutakuja kushtuka msitu ulio chini yake umeshaungua, na maji yameondoka nao.